Kambi ya Mbuzi

Jumatano, 2 Machi 1977

Mvua bado haijaanza. Jioni Mama aliniita barazani nikawasomee wanawake nyota za gazetini. Nikamwambia gazeti ni la Januari. Akasema, "Soma tu." Nikamwambia nyota za Januari zimekwisha pamoja na Januari yenyewe. Bibi Rukiah, mjane wa mlango wa pili, aliwaza kidogo, kisha akasema, "Pengine hapana tumika yote. Soma ile nabaki."

Nikasoma. Wanawake saba walinisikiliza kwa makini ambayo sikuwahi kuyaona kanisani. Gazeti hilo la Nairobi lilikuwa likiletwa kila wiki na wafanyakazi wa treni. Mwezi uliopita reli ilikatwa mpakani na sasa kila nchi ina treni zake, kwa hiyo nakala hii ndiyo ya mwisho. Imechakaa kwenye mikunjo. Simba amebaki nusu, na sehemu ya fumbo la maneno mtu amefungia chumvi.

Baba alikuwa polisi wa reli Mombasa, na huko ndiko nilikosoma hadi kidato cha sita. Sasa tumerudishwa nchini kwetu, tumewekwa katika kambi hii ya polisi Nsambya, na chuo cha Kyambogo wameniambia ningoje nafasi ya ualimu. Naingoja kwa kuwasomea watu bahati zilizooza. Hapa kila mtu anasema Kiswahili na hakuna anayekijua. Nitaandika changu humu kisije kikaharibika.


Jumapili, 6 Machi

Leo nimeelewa kwa nini kila mtu anataka nianze na Mbuzi.

Wanaume wa hapa waliandikishwa polisi wakiwa vijana kutoka vijijini, na karibu wote hawakujua siku waliyozaliwa. Karani aliwauliza, wakajibu, wakati wa nzige, au mwaka ule ng'ombe walikufa. Karani hakuwa na nafasi ya kuandika nzige. Akaandika tarehe moja Januari, mwaka akautoa kichwani mwake. Basi safu zote nne za nyumba hizi zimejaa wanaume waliozaliwa siku moja, na kwa mujibu wa gazeti la Nairobi wote ni Mbuzi. Wake zao wamejiunga na nyota ya mume kama wanavyojiunga na dini yake.

Ungedhani wangecheka. Koplo Oloya, aliyekuwa na Baba Mombasa, alinieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto: "Wewe unaona bure? Ndiyo maana sisi yote tulikuwa polisi."

Kuna mmoja tu asiye Mbuzi. Sajenti Nashon, karani wa ofisi ya kambi, naye pia mtu wa reli kutoka Mombasa. Yeye alizaliwa misheni, akabatizwa, na cheti cha ubatizo anacho kwenye pochi. Tarehe tisa Oktoba. Mizani. Huitaja tarehe hiyo kama wengine wanavyotaja shahada. Anasema nyota ni upuuzi, jambo ambalo ni kweli, lakini hulisema kwa namna inayomfanya mtu atamani kuziamini.


Jumanne, 8 Machi

Mvua ya kwanza. Paa letu linavuja juu ya kitanda changu peke yake.


Jumamosi, 12 Machi

Gazeti limekufa. Mtoto wa mtu amelitapikia. Niliona wanawake wamelizunguka kama maiti, nikaingia ndani nikacheka kwenye mto.

Nilicheka mapema. Mama alikwenda kwa mkubwa wa kambi akamwambia binti yake amesoma sana na anaweza kuandika nyota mpya kwenye ubao wa kantini. Ubao ule ulikuwa wa bei za bia. Bia haipo tangu mwaka jana. Mkubwa alikubali papo hapo, akatoa na chaki. Nasikia alisema askari anayesoma nyota hasemi mambo mengine.

"Mama, mimi nitajua wapi nyota zinasema nini?"

"Si ulisoma?"

"Nilisoma jiografia."

"Basi," akasema, kana kwamba nimemaliza ubishi wenyewe.


Jumamosi, 19 Machi

Nimeandika ubao wangu wa pili. Kanuni nimeigundua haraka: mwambie mtu jambo ambalo tayari limempata. Mbuzi niliwaambia wajihadhari na maumivu ya goti. Wote ni wanaume wa makamo, na ni msimu wa mvua. Nyota nyingine nazijaza kwa heshima tu, maana hazina wenyewe, isipokuwa Mizani, ambayo naiandikia mtu mmoja. Leo: "Mizani, watu wanakusikiliza kuliko unavyostahili."

Chini ya nyota nimechora fumbo la maneno, miraba saba kwa saba. Hilo angalau ni kazi ya akili. Nashon alifika na penseli sikioni, akanakili miraba yote, akasimama akijaza. Alipofika mstari wa tatu aliniita.

"Hapa. 'Mnyama asiyeshiba, hucheka usiku.' Jibu ni nini?"

"Fisi, afande."

"Futa."

"Ni mnyama tu."

"Najua ni mnyama. Kuna wanyama wa kuandika na wanyama wa kuacha." Alichukua kitambaa akafuta mwenyewe, fumbo lote likaharibika, kwa sababu fisi alikuwa ameshika maneno mengine matatu. "Weka sungura," akasema.

Sungura ana herufi saba. Nilimwambia. Akajibu kwamba mtu aliyesoma hashindwi na herufi tatu. Nimekaa saa nzima nikishona upya fumbo kwa ajili ya woga wa karani kwamba fisi atasomwa kama rais.


Jumatano, 23 Machi

Hakuna sabuni, hakuna sukari, hakuna jambo. Mvua.


Jumapili, 27 Machi

Naandika nikiwa na hasira.

Nilidhani nyumbani kwetu ugonjwa huu umemshika Mama peke yake. Baba nilimweka mbali na watu hawa. Ni mtu wa saa, mtu wa mkanda unaong'aa, ambaye Mombasa alimkamata binamu yake mwenyewe kwa kubeba mahindi ya reli. Leo alikuwa akisugua kifungo cha mkanda, akaniuliza bila kuinua macho, "Wiki ijayo Mbuzi wanasemaje?"

"Baba, naandika hapa hapa mezani. Unaniona."

"Nakuona."

"Natunga. Natoa kichwani."

"Mkono ni wako," akasema. "Maneno hayawezi kuwa yako. Wewe mtoto wa juzi, ungejua wapi kama goti litaniuma?"

Nilimtazama. Hakuwa anatania. Goti alilinyoosha kama ushahidi.


Jumamosi, 2 Aprili

Mbuzi: kikohozi, na maneno makali na mke. Yote mawili yametimia kabla ya chakula cha mchana.


Jumapili, 10 Aprili

Pasaka. Kengele za misheni juu ya kilima, mvua kanisani, mvua nyumbani. Tulikula muhogo. Bibi Rukiah, ambaye ni Mwislamu, alituletea kabalagala, zile chapati ndogo za ndizi za kukaangwa, akasema ni za sikukuu "ya jirani." Alikaa mpaka jioni akitaka kujua mumewe marehemu nyota yake ingekuwaje wiki hii kama angekuwa hai. Nilimwambia nyota haina habari na wafu. "Lakini andika tu ya Mbuzi vizuri," akasema. "Pengine yeye nasikia."

Sina la kusema juu ya watu hawa.


Jumanne, 19 Aprili

Kwenye gwaride asubuhi imetolewa amri. Watu wa reli waliorudi kutoka Kenya watakwenda kozi ya wiki mbili. Ni watatu: Baba, Koplo Oloya na Nashon. Lori litawachukua Jumatatu saa moja asubuhi. Kozi ni wapi, haikusemwa.

Baba amerudi amenyooka kama amevaa cheo kipya. Kozi kwake ni daraja la juu. Mama ametoa shati la pili sandukuni. Nilimuuliza Baba kwa nini ni watu wa reli peke yao. Akasema, kwa sababu wana uzoefu. Mimi nimesikia kwingine wanavyowaita watu waliokaa Kenya, na neno lao si uzoefu, ni upelelezi.


Jumatano, 20 Aprili

Bibi Rukiah alinikuta bombani, akasubiri wengine waondoke. Alianza kuosha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

"Baba yako napanda ile lori?"

"Jumatatu, Bibi."

"Asipande."

Nikauliza kwa nini. Akaendelea kusugua. Taban, mtoto wa dada yake, ni dereva wa malori ya kahawa, na watu wake wengi ni wanajeshi. Taban ameliona lori hilo mwezi jana katika kambi nyingine. Huko pia waliitwa kozi ya wiki mbili, na wengi walikuwa watu wa kaskazini, kama sisi.

"Bibi zao nafua shati," akasema. "Wiki mbili naisha, nafua tena. Saa hii shati imekwisha rangi, na mtu hapana rudi. Wewe umesikia kwa nani?"

"Sijasikia kwa mtu."

"Mtoto mzuri." Akachukua sufuria yake akaenda.

Watu wa ukoo wake wamekaa vizuri katika utawala huu. Akijulikana, hawatamwokoa. Nilikuwa nimemtupa kapu moja na wajinga wengine. Juu ya nyota bado ni mjinga, ila siku ya Pasaka na leo nimekutana na watu wawili tofauti wenye jina moja.


Alhamisi, 21 Aprili

Nimemwambia Baba. Nilianza kwa upole, nikaishia kwa kumwambia waziwazi kwamba hatarudi.

"Nani amekwambia?"

"Siwezi kumtaja."

"Basi hakuna." Akawa anakunja soksi. "Askari akiitwa kozi anakwenda kozi. Nikikimbia, ndiyo nitakuwa na kosa. Sasa hivi sina."

Mama alikaa chini sakafuni, akamwita kwa jina langu, "Baba Alanyo, mimi sijawahi kukuomba kitu." Baba akachukua soksi nyingine. Mvua ilipiga bati mpaka hatukusikiana, nikadhani mazungumzo yamekwisha. Kisha ikapungua, naye akasema, kwa sauti ya mtu anayekubali kusuluhishwa:

"Tungoje Jumamosi tuone."

"Tuone nini?"

"Ubao."

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua. Ana binti aliyesoma, anayemwambia kwa mdomo kwamba atauawa, naye anasubiri binti huyo huyo amwandikie kwa chaki.

Basi nitamwandikia. Lakini nani atasoma? Nikisema Mbuzi akimbie, kambi nzima ni Mbuzi. Wakitoroka polisi wa safu nne siku moja, hayo ni maasi, na watakaokuja kuulizwa ni wake na watoto wao. Namtaka Mbuzi mmoja tu na sina namna ya kumwita.


Ijumaa, 22 Aprili

Nimepata wazo nikadhani nimeokoka. Kama Baba akiwa na nyota nyingine, naweza kumwandikia yeye peke yake. Nikaenda Kamwokya kwa Shangazi Adyero, dada yake mkubwa, anayesaga simsim na kuuza sokoni.

"Baba yako Opoka?" akasema. "Alizaliwa tukipalilia wimbi. Mimi ndiye nilikuwa napeleka maji kwa mama shambani. Aliniambia weka maji chini, kimbia uite mtu."

Kupalilia wimbi ni mwisho wa Mei, mwanzo wa Juni. Mapacha. Katika kambi nzima hakuna Mapacha hata mmoja. Nilirudi kwa miguu karibu nikiimba.

Baba alinisikiliza hadi mwisho, kisha akakasirika kuliko nilivyowahi kumwona tangu turudi.

"Serikali imeandika tarehe moja Januari."

"Karani aliandika, Baba."

"Na karani ni nani kama si serikali? Nimekula kiapo kwa tarehe ile. Pensheni nitapewa kwa tarehe ile. Dada yangu hajui hata kusoma."

"Lakini alikuwepo."

"Mimi pia nilikuwepo," akasema.

Sijui kama kuna nchi nyingine ambapo mtu angempinga dada yake mkubwa juu ya kuzaliwa kwake kwa sababu ya mwandiko wa karani. Kesho ni Jumamosi. Sina nyota nyingine ila ile ya wote.


Jumamosi, 23 Aprili

Nimeandika hivi:

"MBUZI. Jumapili lala kwa ndugu wa damu, hasa dada mkubwa. Jumatatu usivuke mlango wake mpaka mvua ikatike kabisa."

Kulala kwa dada si maasi. Kuchelewa kwa mvua si kutoroka. Siku zote hizi mvua inaanza alfajiri na haikatiki mpaka saa tatu. Lori linakuja saa moja. Hayo ndiyo niliyoweza.

Nashon alikuja na penseli yake. Alisoma ya Mbuzi mara mbili.

"Hii 'hasa' inafanya kazi gani hapa?"

"Inasisitiza, afande."

"Inapendelea." Akainama kwenye fumbo. Tulikuwa wawili tu kantini. Naye yumo katika ile amri. Nilikuwa na chaki mkononi, yeye hatua chache kutoka kwangu, angenisikia bila mimi kupaza sauti. Nikawaza: huyu ndiye anayekaa mlangoni pa mkubwa. Huyu ndiye mtu aliyefuta fisi. Nikimwambia neno moja, kabla ya jioni ataulizia lilikotoka, na mwisho wa neno hilo ni Bibi Rukiah na sufuria yake.

Sikusema. Nikageuka nikamalizia nyota zilizobaki, na kwake nikaandika, kwa mazoea yangu: "MIZANI. Wewe huna haja ya nyota. Nenda kazini."

Alisoma, akacheka puani. "Angalau mara hii umesema kweli," akasema.


Jumapili, 24 Aprili

Tangu mchana wanaume wanatoka kambini. Mmoja na kuku kwapani, mwingine na mkungu wa matoke, mwingine amevaa tai. Wengine wana dada Kamwokya, wengine Kyambogo, wengine wamekwenda kwa shemeji kwa sababu dada amefariki, na huko nyuma wake zao wanabishana kama shemeji ni damu. Koplo Oloya hana dada. Alisimama kwenye ubao muda mrefu kama mtu aliyekataliwa hospitalini. Mwishowe Mama alimwambia aende na Baba, maana dada wa rafiki wa Mombasa ni dada.

Baba alipopita nilipo alisema, "Nitarudi mvua ikikatika." Alibeba begi la kozi, shati la pili ndani yake.

Kambi ya wanawake na watoto jioni hii. Ni ajabu kuona upumbavu mkubwa namna hii ukitembea kwa miguu yake. Nimeutengeneza mwenyewe na sijui utafika wapi.


Jumatatu, 25 Aprili

Ilianza kunyesha kabla ya mwanga, mvua nzito isiyo na radi. Nilikaa barazani na blanketi.

Lori lilifika saa moja imepita kidogo. Walishuka wanne, hawakuvaa sare. Mmoja alikuwa na mwavuli wa kike, wa maua, na hakuna mtu aliyethubutu kuuona. Mkubwa wa kambi alitoka mbio akifunga vifungo. Uwanja wa gwaride ulikuwa matope matupu na maji.

"Askari yako wako wapi?"

"Mvua, afande," akasema mkubwa. "Wanakuja."

"Wote?"

Mkubwa aliangalia safu zile nne, milango imefungwa, akaona kwa mara ya kwanza kwamba hajui. Angeweza kusema: wamekwenda kwa dada zao kwa amri ya ubao wa bia. Hilo lingemfanya mtu asiyeitawala kambi yake. Akarudia, "Mvua."

Ndipo Nashon akatokea. Alivaa koti la mvua la polisi, viatu vyake vimefungwa mifuko ya nailoni visichafuke, begi mkononi. Mkewe Adero alikuwa nyuma yake na mtoto mgongoni, amemfunika kwa beseni. Nashon alisimama mbele ya wale watu akapiga saluti, akaangalia saa yake ili waone kwamba ni wao waliochelewa dakika moja.

"Sajenti Nashon, polisi wa reli. Tayari kwa kozi."

Mwenye mwavuli akamuuliza wengine wawili wako wapi. Nashon aligeuka akatazama nyumba zetu, mlango kwa mlango, akanifikia mimi, akaacha macho hapo. Alijua. Kama kuna mtu aliyejua mahali ambapo kila mwanaume wa kambi hii amelala, ni yeye, maana alisoma ubao kwa penseli.

"Mbuzi wamelala," akasema.

Wale watu hawakuelewa, wakamcheka kidogo. Mimi nilielewa. Aliwadharau Mbuzi kama ninavyowadharau mimi, kwa maneno ambayo ningeyatumia mimi, na hakusema walipo. Alimwambia Adero, "Wiki mbili. Usimpe mtoto maji ya bomba bila kuchemsha." Akapanda nyuma, akakaa peke yake juu ya benchi, koti limefungwa mpaka shingoni. Wakasubiri robo saa, wakachoka na maji, wakaondoka.

Mvua ilikatika karibu na saa nne. Wakaanza kurudi, wameshiba, wamelowa magotini, wakisalimiana kama watu wa arusi moja. Mkubwa aliwakimbiza uwanjani mpaka mchana. Kwenye taarifa yake ameandika mvua.


Jumanne, 26 Aprili

Ofisini wanasema lori litarudi Jumatatu ijayo kwa waliobaki.

Baba hana wasiwasi. "Mbuzi tumelindwa," ameniambia. Ananishukuru? Hapana. Anaishukuru nyota. Anasema sasa anaweza hata kwenda ile kozi, maana ameona mwenyewe kuna mkono juu yake. Nimemwokoa mtu ili awe mjinga zaidi.


Alhamisi, 28 Aprili

Jioni Adero alikuja kwetu. Alikaa ukingoni mwa kiti, akamuuliza Baba, kwa heshima, kama mtu mwenye uzoefu, kozi ya watu wa reli hufanyiwa wapi, kwa sababu Nashon alisahau dawa ya pumu na yeye angependa kuipeleka.

Baba alifungua mdomo. Akasema labda Jinja. Adero akauliza Jinja sehemu gani. Akasema kuna mahali pengi. Akauliza huko wanapokea wageni siku gani. Baba alitazama kichupa cha dawa mkononi mwake, na sikuwahi kumwona Baba akitazama kitu kidogo kwa muda mrefu hivyo. "Shemeji," akasema, "sijui." Adero akashukuru akaondoka.

Baba alivua mkanda akauviringisha. Akavua na shati la kazi, akalikunja, akaviweka juu ya meza alipokuwa ananitazama nikiandika. Alikaa na fulana.

"Dada yangu alisema mwezi gani?"

"Wa tano mwishoni. Au wa sita mwanzoni."

"Hao ni nani?"

"Mapacha, Baba."

Akausogeza mkanda pembeni mwa meza. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Mapacha wanasemaje?"

"Wanasema ondoka leo," nikamwambia. "Na umchukue Oloya."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesomewa amri ya kawaida. Bibi Rukiah alikuwa amekwisha kuzungumza na Taban siku tatu zilizopita, bila kuniuliza. Lori la kahawa lilikuwa linakwenda Busia mpakani kwa njia zake. Baba yangu, aliyemfunga binamu kwa magunia ya mahindi, ameondoka amelala kati ya magunia ya magendo.


Jumamosi, 30 Aprili

Mkubwa amenituma niandike ubao kama kawaida, ili mtu asione tofauti. Wawili wasiokuwepo ameandika wanaumwa. Sasa na yeye anatuogopa, maana tunajua anadanganya.

Niliandika nyota kumi na moja. Mizani nikairuka. Nilikuwa naifuta chaki mikononi Adero alipoingia kantini, mahali ambapo sijawahi kumwona. Alisoma ubao kwa kidole, polepole, kutoka juu.

"Ya kwake iko wapi?"

"Hakuna Mizani mwingine hapa, mama."

"Najua. Ndiyo nakuuliza."

Nilisema nimesahau. Alimpakata mtoto upande wa pili.

"Alikuwa anakutetea sana," akasema. "Siku ya yule fisi alikuja nyumbani akafunga mlango. Alisema, huyu mtoto wa Opoka atachukuliwa na sisi tunaangalia. Kila Jumamosi lazima asome kwanza kabla ya watu." Akatabasamu kidogo. "Ile Jumamosi ya mwisho alifurahi. Nilimwambia mimi sitaki hiyo kozi, baki, sema unaumwa pumu. Akasema, hata binti Opoka ameniambia nenda kazini."

"Alikuwa anatania," nikasema. "Hakuamini nyota."

"Labda," akasema Adero. "Wewe ulimjua zaidi?"

Sikumjua. Sasa sitajua kamwe kama alipanda lile lori kwa sababu alizidharau nyota au kwa sababu, wiki ile moja, alizisikiliza.

Alikuwa bado anangoja. Nikachukua chaki nikaandika: "MIZANI. Subiri."

Akasoma. "Mpaka lini?"

Nikaongeza: "mpaka Jumamosi."


Jumamosi, 7 Mei

Lori la Jumatatu halikuja. Salamu kutoka ng'ambo kupitia kwa Taban: Baba na Oloya wamefika. Mama amelala mchana kutwa. Mvua kidogo.

Mizani: subiri mpaka Jumamosi.


Jumamosi, 14 Mei

Kyambogo wamejibu, nafasi ipo. Nimewaandikia kwamba nitakuja, ila Jumamosi nitakuwa na kazi Nsambya.

Mbuzi sasa nawaandikia mstari mmoja na hawalalamiki. Mizani imenichukua asubuhi nzima. Nimeandika nikafuta, nikaandika nikafuta, kisha nikaweka maneno yale yale. Adero alikuja mvua ikiwa inakatika. Alisoma kwa kidole mpaka mwisho, akanishukuru, akasema basi itabidi afue tena mashati ya Nashon ayaanike leo hii, maana wiki ni fupi.